Mwongozo kamili: Jinsi ya kugeuza shule uliyosoma na kazi ulizofanya kuwa mtaji wa biashara yako

Saa kumi na moja alfajiri nilifungua banda la kuku Chanika nikakuta vifaranga wamerundikana kona moja kama nguo chafu, wa juu wazima, wa chini wameshakufa. Nikaanza kuwatoa mmoja mmoja nawaweka kwenye ndoo mpaka nikahesabu 143. Mvua ilinyesha usiku, jiko la mkaa likazimika, wakasikia baridi wakabanana kutafuta joto wakakandamizana. Mimi nina diploma ya uhasibu, na ekseli ya ule mradi ilikuwa nzuri kweli, kuna chakula, kuna chanjo ya kideri na gumboro, kuna vifo asilimia 5, kuna faida mpaka mzunguko wa sita. Ila sikuwahi kulala hata usiku mmoja kwenye banda la mtu mwingine kabla ya kuweka hela yangu.

Sasa linganisha na hili. Kipindi hicho hicho nilikuwa stoo kipa kwenye duka la vifaa vya ujenzi Buguruni, mwaka wa sita, na ukiniletea nondo ya milimita 12 nikiinyanyua tu naanza kupata mashaka, naiweka kwenye mzani, kama ni mita 12 kamili inatakiwa icheze kwenye kilo 10.6, ikisoma kilo 9 najua hiyo ni ya kupunja, sipokei. Mfuko wa saruji nikiubonyeza kwenye kona najua kama umeanza kushika mabonge. Najua saruji ya 32.5 (hizo namba kwenye mfuko ni daraja la nguvu yake) anayejenga ukuta na kupiga plasta inamtosha na anayemwaga zege la slabu nimpe 42.5. Hivyo vyote nilikuwa navyo kichwani, bure, na hela yangu ya akiba nikaipeleka kwenye kitu nisichokijua kwa sababu kila mtu ofisini alikuwa anafuga kuku.

Huu mwongozo nimeuandika kwa ajili ya mtu aliyeko pale nilipokuwa mimi, una cheti au huna, umefanya kazi kwa watu miaka miwili au kumi, una kiakiba kidogo na unataka kuanza cha kwako. Ntaenda hatua kwa hatua, zingine ntakaa sana zingine ntapita haraka maana hazina mambo mengi.

Hatua ya 1: Chukua daftari uandike unachokijua, usiandike CV

CV inasema ulikuwa "afisa mauzo 2017 hadi 2021" basi, haisaidii. Nunua daftari la kawaida, gawa sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza andika vitu unavyoweza kufanya bila kumuuliza mtu. Viandike vidogo vidogo kabisa. Usiandike "najua mapishi", andika "naweza kupika pilau ya watu 200 kwa jiko la kuni na isiungue, na najua kilo ngapi za mchele, nyama kilo ngapi". Mtu wa garage asiandike "ufundi magari", aandike "nikisikia gari linavyowaka asubuhi najua kama tatizo ni plagi au pampu".

Sehemu ya pili andika watu ambao ukiwapigia simu wanapokea na wanajua wewe ni nani. Sapulaya, dereva wa fuso, fundi, afisa manunuzi wa kampuni fulani, dada wa benki. Andika jina na kitu alichowahi kukufanyia. Mimi nilipata watu 61, nikashangaa mwenyewe.

Sehemu ya tatu ndio muhimu kuliko zote na watu wengi wanairuka. Andika makosa uliyoyaona yakimgharimu hela bosi wako. Kwetu mimi niliandika: saruji iliyopangwa chini sakafuni bila chaga ikanyonya unyevu ikaganda, mifuko 80. Rangi iliyokaa mpaka ikapitiliza muda. Mkopo wa bati kwa mteja mmoja mkubwa ambaye kila mtu alikuwa anamuheshimu na hakulipa mpaka leo. Januari ambayo duka lilikuwa limejaa mzigo na wateja hamna kwa sababu watu wote wako kwenye ada za shule. Kila mstari wa hapo kuna mtu alishalipia hilo somo kwa hela yake, wewe umelipata ukiwa unalipwa mshahara. Ukifungua biashara ya namna hiyo hiyo unaanzia pale alipofika.

Kaa na hilo daftari wiki mbili, usimalize siku moja, vitu vingine vinakuja ukiwa kwenye daladala.

Hatua ya 2: Pima umbali kati ya daftari lako na biashara unayoitaka

Chukua biashara unayoiwaza, ipitishe kwenye daftari. Mzigo unajua unatoka wapi? Ukiuona unajua mzuri na mbaya? Wateja kumi wa kwanza unaweza kuwataja kwa majina? Msimu wake unaujua, mwezi gani unauza na mwezi gani unalala? Wizi wake unaujua, yaani mfanyakazi akitaka kukuibia anapitia wapi? Kama maswali matano umejibu manne upo karibu. Umejibu moja, upo mbali, na mbali maana yake utalipia kujifunza kwa mtaji wako kama mimi na vile vifaranga.

Kuna utafiti mkubwa ulifanyika Marekani, wakaangalia data za waanzilishi milioni 2.7 wa kampuni, ukatolewa 2018. Wengi tunaamini mjasiriamali wa nguvu ni kijana wa miaka 22 aliyeacha chuo. Walichokuta ni kwamba wastani wa umri wa mtu anapoanzisha kampuni ni kama miaka 42, na zile kampuni moja kati ya elfu zilizokua kwa kasi kuliko zote, waanzilishi wake walikuwa na wastani wa miaka 45. Halafu kuna hiki ambacho ndio kilinigusa mimi: aliyekuwa amefanya kazi angalau miaka mitatu kwenye sekta ile ile finyu ya biashara yake alikuwa na nafasi kubwa zaidi kwa asilimia 85 ya kuanzisha kampuni ya kufanikiwa sana, ukimlinganisha na ambaye hana uzoefu wa hiyo sekta. Ni Marekani, sawa, na ni kampuni za aina nyingine na zetu, lakini mtu yeyote aliyekaa Kariakoo mwaka mmoja atakwambia kitu hicho hicho bila kusoma utafiti.

Neno la kushika hapo ni "finyu". Kuuza simu na kuuza dawa za mifugo vyote ni kuuza, ila uzoefu wa kimoja haukuvushi kwenye kingine kwa urahisi.

Hatua ya 3: Jua shule imekupa nini hasa

Hapa watu wanagombana sana, mmoja anasema elimu haina maana angalia matajiri walioacha shule, mwingine anasema bila degree utabaki na genge. Tuangalie watu wawili ambao kila Mtanzania anawajua. Marehemu Reginald Mengi alisomea uhasibu Uingereza, akarudi akafanya kazi kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers mpaka akawa kiongozi wake hapa nchini, na biashara alianza kwa kuunganisha kalamu nyumbani kwake wakati bado ana kazi. Said Salim Bakhresa aliacha shule akiwa na miaka 14, akaanza na urojo, akaja kwenye mgahawa, baadaye akaingia kwenye usagaji wa nafaka. Ukiwaangalia juu juu unaona mmoja kasoma mwingine hakusoma. Mi nawaangalia naona wote wawili hawakuruka. Mmoja alikaa miaka anakagua vitabu vya kampuni za watu, akaona kwa ndani pesa inavyoingia na inavyovuja, huku anajaribu kitu kidogo nyumbani. Mwingine kila alipohama alihamia nyumba ya jirani, ukipika chakula cha kuuza kila siku unga unaujua, bei yake na shida ya kuupata.

Sasa shule yako wewe itazame kwa vitu vitatu.

Kwanza, kuna biashara ambazo cheti ni ruhusa, bila hicho hufungui. Duka la dawa lazima uwe na mtu mwenye mafunzo yanayotambuliwa na Baraza la Famasi. Kazi za umeme wa majumbani unahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Ukandarasi ni Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kama cheti chako kipo kwenye kundi hili una mlango ambao wengine hawawezi kuingia, na wewe unaenda kufuga kuku! Angalia vizuri kabla hujakiweka kabatini.

Pili, shule inakupa kusoma na hesabu za kweli. Kusoma mkataba wa pango ukagundua kodi inapanda kila mwaka. Kujua tofauti ya mauzo na faida. Hii mimi uhasibu ulinisaidia sana, ila haukunisaidia kwenye kuku kwa sababu hesabu yangu ilikuwa sahihi juu ya namba ambazo sikujua zinatoka wapi.

Tatu, watu uliosoma nao. Mtu uliyekaa naye dawati moja leo ni afisa manunuzi sehemu, ni hakimu, ni injinia wa halmashauri. Waandike kwenye daftari sehemu ya pili.

Kitu ambacho shule nyingi hazikupi ni ile hali ya kuanza mwenyewe bila kusubiri kuambiwa. Tumezoea mtihani, mtu anatoa swali wewe unajibu. Pale Lomé, Togo, walifanya jaribio na wafanyabiashara wadogo 1,500, theluthi wakafundishwa biashara ya kawaida, uhasibu masoko na kadhalika, theluthi wakafundishwa kuwa na msukumo binafsi, yaani kutafuta fursa kabla haijakujia, kujipangia malengo, kurudi tena ukianguka, na theluthi hawakufundishwa kitu. Matokeo yalitoka 2017, waliofundishwa msukumo binafsi faida yao ilipanda asilimia 30, wale wa mafunzo ya kawaida ilikuwa kama asilimia 11 tu, ndogo kiasi kwamba watafiti hawakuweza hata kusema kwa uhakika kuwa imetokana na mafunzo. Kwa hiyo kama ulikuwa darasani mtu wa kusubiri mwalimu aseme, hilo lifanyie kazi mapema, anza na mambo madogo, mfano wiki hii nenda kaombe bei ya jumla kwa sapulaya watatu usiowajua.

Hatua ya 4: Kama upo mbali, nenda kaajiriwe huko kwanza

Najua hii inauma, hasa kama una degree na miaka 30, kwenda kusimama dukani kwa mtu. Lakini angalia Wakinga wa Makete, kabila linalojulikana kwa biashara za maduka. Kijana anatoka nyumbani anakuja mjini kwa mjomba au ndugu mwenye duka, Mbeya au Kariakoo, anafungua duka asubuhi, anabeba, anauza, anatumwa kuchukua mzigo, miaka inaenda, siku moja ndugu anamfungulia duka lake. Akianza tayari anajua mzigo, anajua wateja, na wauzaji wa jumla wanamjua kwa sura kwa hiyo wanampa mali kauli, yaani mzigo wa kulipia akishauza. Hicho ni chuo kamili, hamna mahafali tu.

Namna ya kufanya:

Chagua duka, karakana au kampuni inayofanya kile unachotaka, ila isiwe kubwa sana. Kwenye kampuni kubwa utawekwa kwenye kona moja utajifunza kona moja. Sehemu ya watu wanne mpaka kumi utagusa kila kitu.

Omba kukaa karibu na mzigo au hela. Stoo, manunuzi, kaunta. Ukikaa mapokezi miaka miwili utajua majina ya wageni.

Jiwekee muda, mi nasema usiwe chini ya mwaka, kwa sababu mwaka ndio unaona misimu yote. Kwenye vifaa vya ujenzi ukiingia Juni utadhani kila siku ni sikukuu, masika ikija magari hayafiki saiti, mafundi wamekaa, unauza misumari.

Kila Jumamosi andika mistari mitano tu: tuliuza nini sana, nini kilikosekana mteja akaondoka, nani alikopa, nani alilipa, tumepata hasara gani. Kwa mwaka mzima hiyo ni mistari 260, na utakuwa unaijua hiyo biashara kuliko mtu aliyesoma kozi yoyote.

Na ntasema hili kwa uzito: usichukue risiti za bosi, usipige picha orodha ya wateja wake, usianze kuwanong'oneza wateja dukani kwake. Unachoondoka nacho halali ni ujuzi wako na jina lako, na kwenye biashara zetu jina likichafuka mtaa mmoja mtaa wa pili washajua kabla hujafika.

Hatua ya 5: Ziba mapengo, moja moja

Ukishaona unachokijua utaona pia usichokijua. Usikimbilie kozi ndefu. Tafuta pengo, tafuta kitu cha kuliziba.

Una ujuzi wa mikono ila huna cheti, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, unapimwa kwa vitendo unachokijua, kuna mapungufu wanakufundisha, unapata cheti. Mafundi wengi wa ujenzi, seremala, wapishi wamepita hapo, na hicho cheti kinakufungulia tenda ambazo ulikuwa unaziona kwa mbali. VETA hao hao wana kozi fupi. SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo ambalo lipo tangu 1973, wanafundisha usindikaji, sabuni, ngozi, ufungashaji, na ofisi wanazo mikoani.

Pengo la hesabu usiliogope hata kama uliishia la saba. Jamhuri ya Dominika walijaribu kuwafundisha wafanyabiashara wadogo uhasibu kamili, na wengine wakawafundisha kanuni rahisi tu, kama kuweka hela ya biashara na ya nyumbani kwenye droo mbili tofauti. Waliopewa kanuni rahisi ndio walioboresha namna wanavyoendesha biashara zao. Kwa hiyo anza na droo mbili. Mimi nina makopo mawili ya maziwa ya unga, moja nimebandika karatasi "DUKA" jingine "NYUMBANI", na hela ikitoka kopo moja kwenda jingine inaandikwa.

Kuliko yote, tafuta mtu aliyetangulia kwenye kazi hiyo hiyo, karibu na ulipo. Dandora, Nairobi, walichukua akina mama wenye biashara ndogo, kundi moja likaenda darasani, kundi jingine kila mmoja akaunganishwa na mwanamke mwenye biashara iliyofanikiwa hapo hapo Dandora. Darasa halikuongeza faida. Waliopata mlezi faida ilipanda kama asilimia 20, na sababu kubwa ilikuwa ni vitu vya kawaida kabisa kama kuelekezwa sapulaya wa bei nzuri. Ila walipoacha kukutana, ile faida ikarudi chini. Kwa hiyo usimtafute mlezi wa siku moja ya kupiga naye picha. Nenda kwa mama au mzee huyo, msalimie vizuri, nunua kitu, mwambie unataka kuanza, na muombe kitu kimoja kidogo: "Mama, naomba niwe nakuja kila Jumatatu nusu saa nikuulize maswali mawili." Maswali mawili yaandike kabla. Ukifika na swali la "nishauri kuhusu biashara" atachoka.

Akina dada wenzangu, kuna jambo nataka tuliseme. Dar es Salaam walifanya utafiti kwa wateja wa PRIDE Tanzania, taasisi ya mikopo midogo, wakatoa mafunzo ya biashara, na wanaume walinufaika kwa wazi kuliko wanawake, kwa wanawake matokeo yalikuwa hafifu. Wengine wanalisoma hilo wanasema wanawake hawaelewi. Mi naona tofauti. Mwanamke akifundishwa kufungua duka saa kumi na mbili na kulifunga saa tatu usiku, mtoto anamwachia nani? Ujuzi unao, masaa huna. Kwa hiyo kwenye mpango wako gharama ya dada wa kazi au bibi wa kukaa na mtoto iandike kama gharama ya biashara, sawa sawa na pango. Mimi nilichelewa kuelewa hili mwaka mzima.

Hatua ya 6: Jaribu kidogo ukiwa bado na mshahara

Usiache kazi kwanza. Tafuta kipande cha biashara yako kisichogongana na bosi wako, ukijaribu kwa hela ambayo ikipotea hutalia. Duka letu lilikuwa haliuzi vifaa vya bomba, hawakuvitaka kwa sababu vinachosha, vitu vidogo vidogo vingi. Nikamwambia bosi kabisa, Mzee nataka niwe nachukua oda za vifaa vya bomba kwa mafundi jioni, akacheka akasema chukua. Nikaanza na laki tatu. Fundi anatuma orodha WhatsApp, nanunua Kariakoo Jumamosi, nampelekea.

Miezi minne. Niliandika kila safari: bei ya kununua, nauli na bodaboda, cha juu cha fundi, bei ya kuuza. Safari ya kwanza nilidhani nimepata elfu 38, nilipotoa nauli na cha juu ikabaki elfu 11, na nilikuwa nimetembea siku nzima juani. Kufika mwezi wa tatu nikajua oda chini ya kiasi fulani siipokei mpaka niunganishe na nyingine. Hiyo kanuni hamna mtu angenifundisha.

Angalia vitu vitatu tu kwenye jaribio: wateja wanarudi bila kuwabembeleza? Baada ya kutoa kila gharama pamoja na muda wako, kuna kinachobaki? Na wewe mwenyewe bado unaipenda hiyo kazi ukiwa umechoka?

Hapa hapa ndio pa kujipima na mtego mmoja wa uzoefu. Dukani kwa bosi wateja walikuwa wananiita "dada yetu", nikadhani ni wateja wangu. Nilipoanza zangu, kati ya watu 61 wa daftarini walioagiza kweli walikuwa 9. Wengine walikuwa wateja wa lile duka, la ile barabara, la ule mkopo waliokuwa wanapewa. Wewe jiulize mapema, wanakufuata wewe au wanafuata kiti ulichokalia? Mtu aliyetoka kampuni kubwa yenye jina hili linampiga zaidi, kule simu yake ilikuwa inapokelewa kwa sababu ya nembo kwenye shati.

Hatua ya 7: Aga vizuri

Toa notisi ya maandishi. Kama unalipwa kwa mwezi na umeshapita mwezi wa kwanza kazini, sheria ya ajira ya 2004 inasema siku zisizopungua 28, na mkataba wako unaweza kutaka zaidi. Kabidhi stoo kwa maandishi, hesabuni mzigo pamoja, wote wawili msaini. Omba hati ya utumishi, ni haki yako kisheria mwajiri akupe, siku moja tenda au benki wataiomba.

Mimi nilienda kwa bosi asubuhi kabla duka halijachangamka. "Shikamoo Mzee." "Marahaba mwanangu, mbona umevaa hivyo?" Nikamwambia ntaondoka mwisho wa mwezi ujao, nafungua duka Kivule, mbali na hapa. Akanyamaza akawa anapanga zile risiti mezani, akazipanga tena. Halafu akasema, "Usianze na saruji nyingi, masika inakuja. Chukua kwangu mifuko 50, ukiuza unaniletea hela." Mali kauli ya mifuko 50 bila karatasi yoyote, kwa mtu ambaye benki ilikuwa inamtaka hati ya nyumba. Miaka sita ya kupokea mzigo bila kukosekana hata mfuko mmoja ndio ilikuwa dhamana.

Hatua ya 8: Fungua kihalali, na ujilipe

Hii napita haraka. Uwe na kitambulisho cha NIDA. TIN unaomba TRA na ni bure, mtu akikwambia lipa hela ya TIN mkimbie. Jina la biashara unasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao. Leseni ya biashara inategemea aina, nyingi za mtaani ni halmashauri. Ukitaka mkopo, ulizia afisa maendeleo ya jamii wa kata yako kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba na kawaida inatolewa kwa vikundi. Kwenye andiko la kikundi weka uzoefu wa kila mwanachama, miaka na kazi aliyofanya, maana asilimia kubwa ya maandiko yanajaa ndoto na hayaonyeshi nani anaijua kazi.

Jilipe mshahara hata elfu tano kwa siku, uandikwe. Usipojilipa utakuwa unachomoa kopo la duka kidogo kidogo na mwisho wa mwezi hutajua kama biashara ndio imeshindwa au wewe umeila.

Hatua ya 9: Rudi kwenye daftari kila miezi mitatu

Ulichojifunza kwa bosi kilikuwa cha mahali pake na wakati wake. Buguruni mafundi walikuwa wananunua asubuhi na mapema, Kivule watu wanajenga wenyewe kidogo kidogo, wanakuja jioni wakitoka kazini, mifuko miwili, nondo tatu, kilo moja ya misumari. Nilikaa miezi miwili nafungua saa kumi na mbili asubuhi nakaa peke yangu na nafunga saa moja jioni wakati ndio wanakuja, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Mtoto wa jirani ndio aliniambia, "Mama, baba alikuja jana usiku akakuta umefunga."

Kwa hiyo kila miezi mitatu fungua sehemu zile tatu. Kwenye unachokijua, ongeza kipya na ukate ambacho hakifanyi kazi hapa ulipo. Kwenye watu, ongeza wapya na weka alama kwa wasiopokea tena. Kwenye makosa, sasa andika ya kwako, na kiasi cha hela mbele yake, usiandike "nilikopesha vibaya", andika "bati 12, fundi wa nyumba ya kona, sijalipwa, sikuchukua namba ya mwenye nyumba". Mwaka ukiisha jumlisha hiyo safu ya hela. Jumla ya kwangu mwaka wa kwanza ilikuwa ndogo kuliko hela niliyozika Chanika kwa wiki tatu.